Miguu ya Nyuma

Sinyati alipoingia kwenye mgahawa wa Mama Joyce pale Maji ya Chai, hakuimaliza shikamoo yake. Viti sita alivyovitengeneza kwa mikono yake vilikuwa vimezunguka meza, na kila kimoja kilikuwa na miguu minne.

"Nani ameviongezea miguu?"

Luqman, mshirika wake wa karakana ya Daraja Mbili, ndiye aliyevileta. Aliangalia pembeni. "Mteja aliogopa vitaanguka, nikachomelea ya nyuma. Kazi ndogo tu."

Kazi ndogo! Kiti cha namna ile kilibuniwa Ulaya karibu miaka mia iliyopita, mafundi walipogundua kwamba bomba la chuma likikunjwa sawasawa linaweza kumbeba mtu bila nguzo nyuma. Linalala sakafuni, linapanda mbele, linarudi nyuma kubeba kalio, kisha linainuka kuwa egemeo. Nyuma ni hewa tupu. Ukikaa, kinanesa. Mabomba mengi yalibonyea na kuharibika mikononi mwa Sinyati kabla hajajua kuyajaza mchanga ndipo ayakunje, na Luqman alikuwepo siku zote hizo.

Akachukua grenda ya kukatia chuma kwenye kirikuu, kigari chao cha mizigo, akaichomeka ukutani karibu na friji.

"Binti, watu wanakula," Mama Joyce alisema.

"Samahani, mama."

Cheche ziliruka. Miguu miwili ya nyuma ya kiti kimoja ikaanguka sakafuni. Sinyati akajibwaga kitini kwa uzito wake wote, kikanesa, kikatulia. Akainuka. "Kaa wewe sasa, mama."

"Sikai. Mwili wangu naujua mimi. Niliomba miguu, nikapewa. Wewe hujawahi kuniuliza nataka nini."

Maneno hayo yalimchoma Sinyati. Akamgeukia Luqman.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi ndiyo maana."

"Vile vitano viache," Sinyati alisema, "ila usimwambie mtu kwamba ni kazi yangu. Na kesho tutagawana vifaa. Mimi na wewe basi."

Luqman alimfungulia mlango wa kirikuu. Sinyati hakupanda. Alibeba kichwani kile kiti alichokikata miguu mpaka kituo cha daladala, akakiweka kando ya lami, akakaa. Wauza ndizi wakamkodolea macho, wakisubiri aanguke. Hakuanguka, lakini hasira yake haikupungua hata kidogo.