Jogoo wa Chini ya Sinki

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Vaileth alibandika chai, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari na kutuma ujumbe wa sauti kwa kikundi cha maombi cha kanisani kwake: "Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimeamka salama, sina neno." Jumanne ile alipofika kwenye "sina neno," jogoo aliwika ndani ya kabati la chini ya sinki.

Alizima jiko, akafungua kabati. Jogoo alikuwa amesimama kati ya sabuni ya vyombo na ndoo, mwekundu wa aina ya kuchi, miguu mirefu, na uso wa mzee wa kanisa aliyekuta mtu kakalia kiti chake.

Mama Hansa, mwenye nyumba, alishuka ngazi amevaa sweta juu ya sari. Alizaliwa Moshi, akahamia huku ughaibuni, Kingsbury, akiwa msichana, na Kiswahili chake kilibaki kile kile cha Moshi.

"Wewe Vaileth, umeanza kufuga?"

"Hapana, Mama. Nimemkuta."

"Ulisema nini kabla hajawika?"

"Nilisema sina neno."

Jogoo akawika tena.

"Basi ni yule wa Petro," alisema Mama Hansa. "Masista walitufundisha shuleni. Usimchinjie humu tu, sufuria zangu hazijui nyama." Akaenda kumtafutia mtama.

Neno Vaileth alikuwa nalo. Mwezi uliopita mama yake alizikwa Njombe, naye aliyatazama mazishi kwenye simu, amejifungia chooni katika nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi, kwa sababu Eddie, meneja wake, alimnyima ruhusa. Alipotoka chooni alikwenda kumlisha supu mzee wa chumba cha mwisho. Hakulia. Kanisani hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba akianza hatanyamaza.

Jogoo alimfuata kazini. Ndani ya basi alikaa siti ya dirishani, na dereva hakumdai nauli. Vaileth aliingia ofisini kwa Eddie kuomba likizo aende akaweke msalaba kwenye kaburi.

"Nitajitahidi mwezi ujao," alisema Eddie, na jogoo akawika. "Hapa sisi ni familia moja." Jogoo akawika kwa kirefu zaidi. Eddie alimwomba Vaileth amwondoe mezani asije akaikanyaga ratiba.

Jumapili Vaileth na jogoo walikwenda kanisani, yaani kwenye ukumbi wa michezo wa shule, ambao Watanzania waliukodi kwa ibada. Mama Eufrasia alimsifia mwenzake kofia, jogoo akawika, na kuanzia hapo watu walisalimiana kwa kutikisa vichwa tu. Mchungaji Philemon alipofika mahali pa kusema, "Na sasa wapendwa, ninamalizia," jogoo aliwika. Mchungaji alitazama karatasi zake, akakubali kwamba bado, akaendelea.

Ukafika wakati wa ushuhuda. Vaileth alisimama, kwa kuwa jogoo alikuwa chini ya kiti chake na kila mtu alikuwa anatazama huko.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Namshukuru Mungu, niko salama."

Jogoo akawika.

"Niko salama kiasi."

Akawika kifupi, kama anayesahihisha.

"Mwanangu," Mama Eufrasia alisema kwa upole, "hebu mpumzishe huyo kuku."

Vaileth alishika mgongo wa kiti cha mbele. "Mama yangu amefariki. Sikumzika. Nimechoka kusema nzuri."

Jogoo alifumba macho.

Ibada haikuendelea kama ilivyopangwa. Akina mama walisogeza viti, wakatandika khanga juu ya mistari ya mpira wa kikapu, wakaketi naye chini kama watu wanavyoketi msibani. Mmoja alianzisha pambio, mwingine akaenda kuchemsha chai. Mchungaji Philemon alifungua Biblia, akaifunga, akaketi nao na kulia kuliko wote. Waliomba wamemwekea mikono mabegani, na Vaileth akahisi kitu kikishuka polepole, kama mtu anayetuliwa ndoo kichwani. Aliendelea kulia hadi mlinzi wa shule alipokuja na funguo, naye akapewa chai. Kisha Vaileth akanyamaza. Kumbe iliwezekana.

Jumatatu Eddie alimwita ofisini.

"Kuhusu likizo yako, bado naiangalia." Jogoo aliwika. "Ningependa sana kukusaidia." Akawika tena.

Eddie alivua miwani, akaifuta. "Sitakupa," alisema. "Sina mtu wa kushika zamu zako, na wala sitafuti."

Jogoo alinyamaza. Kwenye ratiba jina la Vaileth lilibaki pale pale, Jumamosi na Jumapili.

"Sawa, haina shida," alisema Vaileth, na jogoo akawika. Akafikiria ibada ya jana, akajaribu tena. "Nimekusamehe."

Jogoo aliwika kwa nguvu hadi simu iliyokuwa ikiita mezani ikaacha.

Vaileth alivuta pumzi. Jogoo alidonoa punje ya mtama iliyodondoka kwenye zulia kutoka mfukoni mwake, akainua kichwa, akangoja.

"Ulininyima kumzika mama yangu," alisema Vaileth. "Sijakusamehe, Eddie. Namwomba Mungu anisaidie nikusamehe. Na siku nyingine namwomba asiharakishe."