Ziara ya Jumamosi

Mvua za mwisho wa mwaka wa 1997 zilikata barabara ya Sindo, kipindupindu kikafuata maji. Kambi ya watalii kando ya ziwa ilitegemea ziara za kijiji, na kijiji kikapata mgao wa malipo. Wageni walilipia wakiwa Nairobi, wakapangiwa siku na saa, na kabla ya kulipa waliuliza: huko kuna ugonjwa?

Damaris, Mkuria mzaliwa wa Kegonga aliyeolewa kijijini hapo, ndiye aliyewatembeza. Jumatano asubuhi mama mkwe wake, Zilpah, aliamka akitapika na kuharisha maji matupu. Mashua ya kambi pekee ingemfikisha hospitalini Homa Bay. Damaris akakimbia kwa Bonface, meneja.

"Mashua inaleta wageni saa tatu," Bonface alisema. "Wakirudi kambini, mchukueni nayo. Lakini wakimwona mgonjwa mmoja tu, hata wale wa Jumamosi watafuta safari. Mfungieni ndani."

Mume wa Damaris, Javan, alikuwa ziwani akivua. Damaris akarudi, akafunga mlango kwa nje mwenyewe.

"Mwanangu, unanificha?" Zilpah aliuliza kwa sauti iliyokauka.

"Vumilia kidogo, Mama. Usipige kelele."

Wageni walifika. Mzungu mmoja akauliza kama watu ni wazima. "Wazima kabisa," Damaris akajibu, akitabasamu. Ngoma ikawanogea, wakaomba waongezewe muda. Bonface akakubali.

Mlango ulipofunguliwa, Zilpah alikuwa amelala kifudifudi karibu na kizingiti, mkono umenyooshwa.

Bonface alikuja kutoa pole. Hakukaa. "Mzikeni kesho alfajiri," alisema. "Bila matanga. Jumamosi kijiji kiwe kimetulia."

Javan alikataa. Mama aliyezaa watoto tisa azikwe kama paka? Damaris alimbembeleza, akamtajia karo za watoto, akamtajia mashua mpya aliyoitaka, hadi Javan akakubali. Walimzika Alhamisi. Hakuna aliyeimba, na shangazi waliofika wakilia walinyamazishwa njiani.

Jumamosi watu waliosha nyuso, wakavaa, wakangoja hadi jua likawa utosini. Damaris akaenda kambini.

"Wageni walifuta safari tangu Jumatano jioni," Bonface alisema. "Walisikia habari za kipindupindu kwenye redio."

"Kwa hiyo tulipomzika ulijua?"

"Ningewaambia, mngemfufua?"

Damaris alirudi akamweleza Javan yote, hata habari ya mlango, ambayo alikuwa hajaisema. Javan alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na nguo za Damaris, akazitupa kwenye tope.

"Kegonga ni kule," akasema.

Watoto walitaka kumfuata. Shangazi wakawashika.