Testitubu za Chaki

Jumatano, saa mbili kasorobo asubuhi, fundi wa maabara ya kemia alikuwa akipangusa meza aliyokwisha kuipangusa mara tatu. Testitubu arobaini na moja zilisimama kwenye vishikio vyake. Kando yake kulikuwa na chupa za maji ya limao, chupa za maji ya magadi, na jagi la maji ya kabichi ya zambarau aliyoichemsha mwenyewe jana yake. Miwani ya kinga alikuwa ameihesabu, akaipanga, akaihesabu tena. Mlinzi wa jengo alipita mlangoni akamwambia anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akajibu kwamba ndivyo, kisha akaenda kufunga bomba ambalo halikuwa wazi.

Wanafunzi wa chuo walimwita Mama Tone, kwa sababu katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwona akizidisha tone moja la asidi. Kila wiki shule moja ilialikwa chuoni ije, kama tangazo lilivyosema, kuishika sayansi kwa mikono yake. Majuma mawili kabla walikuja watoto wa shule yenye maabara mbili. Walivunja bika nne za kioo huku wakicheka, naye akafagia vigae, akawapa nyingine. Miaka mitatu mfululizo alikuwa amemwomba mkuu wa idara aialike pia shule ya binti wa kaka yake, shule isiyo na maabara hata moja. Mwaka huu zamu yao ilifika.

Binti huyo nyumbani walimwita Chiriku, kwa domo lake. Alikuwa darasa la mwisho na alitaka kusomea utengenezaji wa dawa. Tangu akiwa na miaka kumi alimsumbua shangazi yake kwa maswali ya limao na magadi, na shangazi mtu alikuwa amemwahidi kwamba siku akifika maabara atajibiwa na limao lenyewe.

Walifika saa tatu, wakiwa wamepanga mstari, viatu vimepigwa rangi. Mwalimu wao wa sayansi aliwatangulia, mtu mrefu mwenye mikono ya koti iliyopauka kwa chaki. Mama Tone aliwagawia miwani ya kinga. Mtoto wa kwanza aliivaa, miwani ikapita usoni mwake, ikatokea kisogoni, ikaanguka sakafuni. Wa pili vilevile. Mama Tone aliziokota, akasema basi leo watakuwa waangalifu zaidi, wasogee mezani.

Chiriku ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Vidole vyake viliifikia testitubu, vikapita ndani ya kioo, vikakutana upande wa pili kama vidole vya mtu anayekamata moshi. Alijaribu tena taratibu. Jirani yake naye akajaribu. Baada ya dakika moja wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa wakifumba ngumi juu ya vioo na kuzifumbua tupu. Meza waliigusa vizuri. Kalamu zao walizishika vizuri. Vyombo vya maabara tu ndivyo vilivyowapita.

"Nilikuwa na wasiwasi huo," mwalimu alisema. "Vitu hivi wamevijua ubaoni tu."

Alieleza kwamba anafundisha pale mwaka wa kumi na moja, na kwa miaka yote hiyo bureti, hadubini na testitubu amezichora, hajazionyesha, kwa kuwa naye hana. Alikuwa anaweza kuchora bureti akiwa amefumba macho. Mama Tone alimuuliza kama alijaribu kuomba. Mwalimu akasema barua zake zinaweza kufunika meza ile.

Watoto walisubiri kuambiwa cha kufanya. Mwalimu aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki, akamwomba mama mwenye maabara ruhusa ya kuchafua meza. Juu ya ubao mweusi wa meza alichora testitubu kwa mstari mmoja bila kuinua mkono. Chiriku aliikamata shingoni, akainyanyua. Mahali ilipokuwa imechorwa pakabaki peusi, safi.

Mwalimu alichora nyingine arobaini. Mama Tone alimimina maji ya kabichi katika kila moja, na hayakuvuja. Walipoongeza magadi, yakageuka kijani, na darasa zima likapumua kwa pamoja. Walipoongeza limao yakawa mekundu kama inavyotakiwa. Lakini chaki ile ilikuwa ya chokaa, na chokaa na limao havikai nyumba moja. Testitubu zilianza kutoa mapovu, zikalainika, na kwa dakika tatu zilikuwa zimekwisha mikononi mwa watoto, maji mekundu yakichuruzika hadi viwikoni. Mwalimu alichora tena, na tena. Kufikia saa tano kila mwanafunzi alikuwa ameona rangi zote mbili, kwa haraka, na hakuna aliyepata muda wa kuzipima.

Mkuu wa idara aliingia kupiga picha. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliwatazama watoto walioshika vyombo vya chaki, akatazama sakafu, akauliza kama kuna kilichovunjika. Aliambiwa hakuna. Akasema ni mara ya kwanza tangu ziara zianze.

Jioni ile Mama Tone hakutulia. Alipika, akasahau kula, akasimama, akakaa. Mtihani wa mwisho wa kina Chiriku ulikuwa miezi minne mbele, na kozi ya dawa ilitaka alama ya juu kwenye sehemu ya vitendo. Jaribio moja la mtihani lilichukua dakika arobaini na tano. Asubuhi alimpigia kaka yake simu, akasema huyo mtoto awe anapitia chuoni kila siku akitoka shule.

Chiriku alikuja. Mama Tone aliisimamisha testitubu moja kwenye kishikio, akamkalisha mbele yake, akamwambia afumbe mkono na kufumbua, afumbe na kufumbua. Wiki ya kwanza palikuwa na hewa tu. Wiki ya pili Chiriku alilalamika kwamba anafanana na mtu anayekamua ng'ombe asiyekuwepo, na shangazi yake akamwambia akamue hivyo hivyo. Siku ya kumi na saba msichana aliacha kuongea katikati ya sentensi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Shangazi, nasikia baridi."

Siku ya ishirini na tatu testitubu iligoma kidogo kabla ya kumpita. Siku ya thelathini na moja ilinyanyuka. Alikaa nayo hewani akiitazama kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, kisha ikamponyoka, ikaanguka, ikavunjika vipande vingi. Mama Tone alikwenda kuchukua fagio, akarudi akiwa anacheka na machozi yanamtoka, akafagia, akaweka nyingine kwenye kishikio.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa mkuu wa idara. Alimweleza kwamba ni suala la mazoezi tu, siku thelathini na moja kwa mkono mmoja, na kwamba wakipewa maabara alasiri, ambapo huwa tupu, darasa zima litaweza kushika kabla ya mtihani. Mkuu aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ni jambo la kutia moyo sana. Kisha akamwonyesha taarifa aliyokwisha kuipeleka kwa wakubwa, yenye picha ya watoto na vyombo vya chaki. Wakubwa waliipenda. Ziara zingegawanywa sasa: Jumanne shule za kioo, Alhamisi shule za chaki. Shule nyingi zaidi zingefikiwa, na hakuna kitakachovunjika.

"Lakini wa Alhamisi wana dakika tatu tu," Mama Tone alisema.

"Tutawaandalia majaribio mafupi," alisema mkuu, akamshukuru kwa kujitolea kwake.

Ikawa hivyo. Meza ya karibu na dirisha ilipakwa rangi nyeusi upya. Mama Tone alifundishwa na yule mwalimu kuchora kwa mstari mmoja, na mkono wake, uliozoea kutopitiliza, ulijifunza upesi. Siku za Alhamisi kabati la vioo liliachwa wazi, maana hakukuwa na sababu ya kulifunga. Watoto walipitisha mikono humo kwa mchezo, hadi begani, na vioo havikutikisika.

Wiki ya tano darasa la Chiriku liliitwa tena. Mama Tone alichora testitubu arobaini na moja. Wenzake wote walizinyanyua. Chiriku alipogusa ya kwake, vidole vilipita na kurudi na vumbi jeupe. Alijaribu ya jirani yake, ikawa vilevile. Mkono uliozoea kioo haukuiona tena chaki. Alisimama kidogo mikono ikiwa nyuma, akiwatazama wenzake wakikimbizana na limao. Kisha akaenda kwenye kabati, akachukua testitubu ya kioo, akarudi, akaanza jaribio lake bila haraka, tone baada ya tone.

Vyombo vya wenzake vilipokwisha kuyeyuka, cha kwake kilikuwa bado kimesimama. Walimzunguka. Aliwaeleza anachofanya, na kwa mara ya kwanza domo lake lilikuwa na kazi. Rafiki yake alinyoosha mkono, akauzungusha kwenye kioo pamoja na wa Chiriku, akasema anasikia ubaridi. Mwingine akaomba zamu. Mwalimu wao alikuwa amesimama ukutani, chaki mkononi.

Mkuu wa idara alikuta hali hiyo. Hakukasirika. Alimchukua Mama Tone kando, akasema kwamba hiyo ni Alhamisi, na vioo vina siku yake. Mama Tone alisema kwamba mtoto anaweza kushika, na hao wengine wameanza kuhisi, wapewe mwezi mmoja tu. Alisema mengi kuliko alivyowahi kusema katika miaka kumi na tisa, na sauti yake ilifika mpaka mezani. Mkuu alisikiliza yote, kichwa kimeinama. Kisha akamwomba achukue ile testitubu kwa utaratibu, na kabati lifungwe. Chiriku alimpa shangazi yake kabla hajaombwa.

Mtihani ulikuja. Sehemu ya vitendo, kwa shule zisizo na maabara, ililetwa kwa karatasi, vyombo vikiwa vimechorwa, na wanafunzi waliulizwa wangeona nini kama wangevishika. Chiriku alijibu yote. Maswali ya karatasi hayakuhesabiwa kuwa vitendo kamili, na alama yake haikufikia kozi ya dawa. Alichukuliwa na karakana ya kukata vioo vya madirisha. Mwenye karakana alimsifu kwamba ana mkono wa kioo, hajapata kuona.

Ufunguo wa kabati ulihamia ofisini kwa mkuu. Mama Tone alipewa boksi la chaki kila mwanzo wa muhula. Alhamisi moja ya mvua ilikuja shule nyingine, watoto arobaini, sare zimelowa mabegani. Alipangusa meza mara nne, akachora kwa haraka, akauliza nani aanze. Mikono yote ikanyooka.