Saba kwa Sita

Kuwekeana sharti na mtani ni sawa na kumpa fisi bucha alinde. Nurdini alilijua hilo, maana si mtoto: ana mvi, ana vyerehani viwili, na kibaraza chake cha ushonaji pale Ipuli kinajulikana mpaka Goweko. Lakini mdomo, jamani. Mdomo ulimponza.

Mambo yalianzia kwenye robota la mitumba. Siku lilipofunguliwa sokoni, Nurdini alichomoa kofia nyekundu yenye herufi asiyoielewa, na Mwamvita, muuza chapati wa kibaraza cha jirani, akachomoa ya buluu. Ummy, bintiye Nurdini, akachungulia simu yake, akawaambia hizo ni kofia za timu za besiboli za huko Marekani, tena zote ziko kundi moja. Ikawa balaa. Mwamvita ni Mzaramo, Nurdini Mnyamwezi, na utani wao ni wa tangu enzi za misafara. "Babu zenu walitubebea pembe mpaka pwani, wakarudi na shanga," Mwamvita alikuwa akimwambia kila asubuhi. "Na wewe leo umebeba timu isiyofika popote." Nurdini alikuwa akisonya tu, kwa sababu mtani hanuniwi.

Sasa, Ummy akaposwa na Yaser, mtoto wa mzee Ghalibu. Mzee huyo ni mfanyabiashara wa vitambaa mjini, wa ukoo wa Kiomani, mtu ambaye hata akisalimiwa anafikiri kwanza. Nurdini alimwogopa, hakuna haja ya kuficha. Aliwaza Mwamvita atakavyofungua domo lake mbele ya mkwe, usingizi ukapaa. Ndipo akaweka sharti. Wekundu wakiingia hatua ya mtoano, Mwamvita atakaa jikoni siku nzima ya karamu ya kumuaga Ummy, bila neno moja la utani. Buluu wakiingia, Mwamvita atakaa meza kuu, kwenye kiti cha baba wa bibi harusi, kofia kichwani, na Nurdini atafunga aproni agawe pilau.

"Nimekubali," alisema Mwamvita, haraka mno.

Ligi ya wenzetu haina huruma, mechi mia na sitini na mbili. Jumatatu asubuhi, siku tano kabla ya karamu, Ummy akawasomea msimamo wa mwisho. Nafasi ilibaki moja, na wekundu na buluu walikuwa wamelingana, ushindi themanini na nane kila mmoja.

Nurdini hakutishika. Zamani alimshonea suruali Mmarekani mmoja, mwalimu wa kujitolea, ambaye alimweleza kwamba timu zikilingana hivyo hucheza mechi moja ya ziada, na anayefungwa anarudi kwao. Basi akatangaza mechi. Akaazima mabenchi ya madrasa, akaazima televisheni, akamwalika kila aliyepita na baiskeli na madereva wote wa bajaji wa kijiweni.

"Baba," Ummy akasema, "hakuna mechi."

"Haijapangwa?"

"Haipo kabisa. Waliifuta mwaka elfu mbili na ishirini na mbili. Siku hizi wakilingana wanaangalia zile walizokutana wao kwa wao. Aliyemfunga mwenzake mara nyingi zaidi ndiye anapita."

"Na wamekutana mara ngapi?"

"Kumi na tatu. Buluu saba, wekundu sita."

Nurdini akaketi juu ya benchi la madrasa. "Hiyo ya saba ilichezwa lini?"

"Mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane nilikuwa Goweko, nashona sare za shule," akasema taratibu. "Kumbe nilikuwa nimeshafungwa, na natembea tu, nasalimia watu." Akafikiri kidogo. "Na wakilingana hata hapo?"

"Wanaangalia mechi za ndani ya kundi. Lakini hawajalingana, baba."

Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Mwamvita alimpelekea Nurdini chapati mbili na aproni yake mwenyewe, iliyopasuka mfuko, akamwomba aushone kabisa kabla ya Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Meza kuu ilikuwa na viti viwili vya upande wa bibi harusi. Kimoja cha baba. Cha pili Nurdini aliagiza kiachwe wazi, na juu yake ikunjwe kanga ya mkewe, Asmahani, aliyefariki mwaka juzi. Aliona ndiyo heshima. Siku ya msiba ule Mwamvita alivaa kanzu ya Nurdini, akajilaza kizingitini, akasema jeneza halipiti mpaka mfiwa amwombe kwa Kizaramo. Nurdini alijaribu. Alichotamka hakikuwa Kizaramo wala lugha yoyote, na watu wakacheka, naye akacheka, na mpaka leo hajui alicheka kwa nguvu zipi.

Sasa Mwamvita alikuwa kwenye kiti cha baba, kofia ya buluu imekaa upande, anamwitikia mzee Ghalibu kwa sauti nzito ya kiume. Nurdini alisimama kando na sufuria, uso unamwaka kwa aibu.

Ummy akaingia. Vigelegele vikapigwa, akapiga hatua tatu, akaiona ile kanga. Akasimama. Kidevu kikaanza kumtetemeka, na vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Hapo Nurdini akajua amekosea, kwamba kiti kile kilikuwa msiba wa pili, na mikono yake imejaa pilau.

Mwamvita akanyanyuka, akavua kofia. Akaikunjua kanga, akajitanda mabegani, akahamia kile kiti kitupu. "Ummy, usishangae," akasema. "Mama yako kanituma nimshikie nafasi. Kofia kaikataa, anasema inamzeesha."

Ummy akacheka huku machozi yanamshuka, akaenda kumkumbatia. Mzee Ghalibu akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Nurdini naye akacheka na kulia pamoja, bila kujali nani anamtazama.

"Mkwe," Ghalibu akamwita alipopata pumzi, "kiti chako kiko wazi."

"Si changu, mzee. Nilifungwa saba kwa sita."

Akaanza kuhesabu moyoni zile walizokutana yeye na mtani wake. Msibani alishinda Mwamvita. Karamuni kashinda Mwamvita. Yeye hakuwa na hata moja. Akapakua sahani ya kwanza, akaiwekea mnofu mkubwa kuliko yote, akampelekea kwa mikono miwili.

"Karibu, mtani. Sisi hatujawahi kulingana."

Mwamvita akaitazama sahani. "Nyama ndogo," akasema.

Nurdini akarudi jikoni kumwongezea.