Siku ya Kutafuna

Hata benchi lenyewe lilikuwa limemchoka. Tangu saa mbili asubuhi msichana yule alikuwa ameketi na kusimama mara zisizo na idadi, akaenda mpaka dirisha la mwisho wa ukumbi, akarudi, akautazama mlango uliofungwa, akaenda tena. Nyumbani walimpa jina la Kiguu na Njia tangu alipoanza kutambaa, na jina likamganda. Siku hizi walilifupisha wakamwita Kiguu. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili katika chuo cha mafundi wa meno ya bandia. Mafundi, si madaktari. Majirani walimwita daktari, naye alikwisha choka kuwasahihisha.

"Utachimba kisima hapo," bibi yake alisema kutoka kwenye benchi. "Njoo ukae, we mke mwenzangu. Unanitia kizunguzungu."

"Nakaa, Bibi."

Akakaa. Mguu wake wa kulia ukaendelea na safari peke yake, ukitikisika juu ya sakafu tiki-tiki-tiki, mpaka Bibi akaukanyaga kwa kiatu chake.

Sasa, chuo kile hakikuwa na mtihani wa karatasi mwishoni mwa mwaka wa pili. Kila mwanafunzi alimtengenezea mtu mmoja aliye hai seti nzima ya meno, ya juu na ya chini. Siku ya mwisho mtu huyo alikuja na meno yake mdomoni, akaketi mbele ya watahini, akahesabu kutoka sitini hadi sabini ili wasikie kama meno yanapiga filimbi, kisha akala: kwanza mkate, halafu biskuti, mwisho karanga za kukaanga. Mwanafunzi alikaa pembeni, kimya, haruhusiwi kusema neno. Wenyewe waliiita Siku ya Kutafuna, na wakapenda kuongeza kwamba anayetafunwa ni mwanafunzi. Ukifaulu, unapanda. Ukianguka, unarudia mwaka mzima, tangu kukoroga plasta.

Na Kiguu hakuwa na nafasi ya kurudia. Alianza ususi, akaacha mwezi wa tatu. Akaenda kwenye kompyuta, akaacha hata kabla hajaijua vizuri. Alipoleta habari za meno, baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii ndiyo ya mwisho. Ukiacha au ukirudia mwaka, sisi tumenawa mikono." Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyoyatoa hakuyarudisha.

Kiguu akafungua daftari lake la kazi ili walau vidole vipate shughuli. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, lakini wahenga hawakuwa na daftari la kazi. Mwaka mzima ulikuwa humo, kila hatua na tarehe yake, na chini ya kila hatua saini ya mwalimu wa karakana. Mwezi wa kwanza: plasta iliyoganda kwenye bakuli kabla hajaimimina, na darasa zima likamcheka. Mwezi wa tatu: alipanga meno kumi na manne yakatoka yamepinda kama foleni ya watu waliochoka. Mwezi wa nne akaanza kuyapata. Aliikumbuka siku ile. Alikaa saa mbili nzima bila kuinuka, na alipogundua kwamba amekaa saa mbili, akashangaa mwenyewe. Kumbe kuna kitu duniani kinachoweza kumkalisha! Alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia Bibi, "Nitakutengenezea wewe," naye Bibi, aliyekuwa hana hata jino moja kwa miaka tisa na aliyecheka huku amefunika mdomo kwa mtandio, akasema, "Nitakula karanga mpaka nivimbiwe."

Akafunua ukurasa wa mwezi wa tano. Akaufunika haraka. Akasimama.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kunyoosha miguu."

"Hiyo miguu haijanyooka tu?"

Alikwenda dirishani. Ukurasa ule ulimfuata.

Mwalimu wa karakana, mzee mfupi mwenye vumbi la plasta kwenye nyusi, waliyembandika jina la Meza-Mate, alikuwa na somo moja alilolirudia kuliko yote. Mtu asiye na meno kwa muda mrefu, taya lake la chini linazurura. Ukimpa nta aiume ili ujue meno yakutane wapi, taya linatoka mbele kama mtoto wa meza. Dawa yake ni moja: mwache anyamaze, ameze mate, ngoja, ameze tena, ngoja, ameze mara ya tatu. Hakuna mtu anayeweza kumeza vizuri na taya liko nje. Hapo taya linarudi kwao, na hapo ndipo aume. Kazi ya dakika tano za kimya, basi.

Dakika tano! Siku ile Bibi alikuwa akisimulia jinsi Babu alivyokuja kuposa na kiatu kimoja, kingine kimemtoka matopeni, na wote wawili walikuwa wanakaribia kuanguka kwa kicheko. Nta ilikuwa inapoa. Kiguu alikuwa na haraka, na ukimuuliza haraka ya kwenda wapi hangekuwa na jibu. Akaitia nta mdomoni mwa Bibi, Bibi akaiuma na kicheko bado kiko mashavuni. Mwalimu, aliyekuwa ameitwa chumba cha pili, akarudi akaichukua ile nta, akaigeuzageuza.

"Alimeza mate?"

"Alimeza," Kiguu alisema.

Neno moja tu. Mwalimu akatia saini.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kiguu ilifika mwisho baada ya wiki tatu. Siku ya kuyajaribu meno yakiwa bado kwenye nta ya rangi ya waridi, aliwahi yeye na Bibi kabla mwalimu hajafika. Kwenye fremu ya chuma inayofungika na kufunguka kama taya, meno yalikuwa mazuri mno, yamekutana kama viganja viwili. Kwenye mdomo wa Bibi, taya likarudi nyuma mahali pake, na kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini pakabaki nafasi ya kupitisha kidole. Kiguu angeweza kusema. Meza-Mate mwenyewe aliwaambia mara ngapi, "Anayerudia nta leo haoni aibu kesho." Lakini kurudia kulikuwa kazi ya wiki mbili, na wenzake walikuwa wanasonga mbele, na yeye alikwisha sema alimeza.

"Bibi," alinong'ona, "ukiuma, sukuma taya mbele kidogo."

"Hivi?"

"Hapo hapo. Likae hapo."

Mwalimu akaja, akainama, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatia saini. Bibi akamkonyeza mjukuu wake nyuma ya bega la mzee wa watu. Wezi wawili! Na Kiguu, Mungu amsamehe, alicheka.

Baadaye meno yakapikwa kwa plastiki, yakang'arishwa, yakaenda nyumbani. Tangu siku hiyo, wiki ya tano sasa, Bibi alitembea na taya mbele. Majirani waliuliza nani amemuudhi. Alijibu kwamba ni meno mapya, anayazoea. Hakulalamika hata mara moja. Ila Jumapili moja Kiguu aliingia jikoni akamkuta anachovya mkate kwenye chai, mapengo wazi, na meno yamo ndani ya glasi nyuma ya kopo la sukari. Mkono mmoja ulikuwa unakanda chini ya sikio.

"Nayapumzisha kidogo," Bibi alisema.

Kiguu alitoka akatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, mara tatu, na aliporudi Bibi alikuwa ameyavaa.

Mlango wa chumba cha mtihani ukafunguliwa. Akatoka dereva mmoja mnene, mgonjwa wa jirani wa Kiguu darasani, anatafuna bado na anacheka kwa meno yote ishirini na manane hasa. "Karanga tamu hizo!" aliwaambia. Jirani huyo alikuwa nyuma yake, analia kwa furaha bila haya.

Karani akamwita Kiguu.

"Twende," Bibi alisema, akajitengeneza mtandio. Kisha, mbele ya macho ya mjukuu wake, akalisukuma taya mbele, polepole, kama mtu anayejitwika mzigo anaoujua uzito wake.

Ndani palikuwa na meza ndefu. Meza-Mate alikaa upande mmoja, na katikati alikaa mtahini wa kutoka nje, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani na uso usiosema kitu. Bibi aliketishwa kwenye kiti cha mbele. Kiguu akapewa kiti cha pembeni.

"Tuhesabie, mama. Kuanzia sitini."

Bibi alihesabu. Sitini na sita ilipita salama, sitini na saba vilevile. Alikuwa amefanya mazoezi chumbani kwake, Kiguu alimsikia usiku kucha kupitia ukutani na akajifanya hasikii. Mtahini akaandika. Mkate ukaletwa, ukaliwa. Biskuti ikaletwa. Bibi aliitafuna kwa uangalifu, mishipa ya shingo imesimama, na aliposhusha funda Kiguu aliliona jicho lake la kushoto limejaa maji.

"Yanauma?" mtahini aliuliza.

"Raha tu, mwanangu. Miaka tisa sijala biskuti kavu. Lazima mtu alie."

Mtahini, yule mwenye uso usiosema kitu, akatabasamu. Akasukuma kisahani cha karanga. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Kiguu aliweza kuona kisanduku chenyewe. Karanga tatu tu zilibaki kati yake na mwaka wa tatu, kati yake na uso wa baba yake. Bibi akatia karanga ya kwanza mdomoni. Ikasikika ikivunjika. Mkono wake ukapanda chini ya sikio, ukashuka upesi, ukakaa mapajani ukijifinya.

Kiguu alikuwa amesimama. Hakujua alisimama saa ngapi.

"Kaa chini," Meza-Mate alisema. "Unajua sheria."

"Bibi," Kiguu alisema, "meza mate."

Bibi akamtolea macho. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kama anavyomkataza mtoto mbele ya wageni.

"Tafadhali, Bibi. Meza mate."

"Nimeshameza!"

"Tena. Nakuomba."

Mtahini alivaa miwani yake. Na Bibi, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa analia sasa na yeye hakuwahi kumnyima kitu akilia, akafumba macho akameza. Taya likarudi nyuma. Meno ya chini yakateleza, yakagonga ya juu kwa mlio mkavu, na pale mbele pakabaki lile pengo, wazi, mbele ya watu wote.

Meza-Mate akainuka. Akatazama kinywani, halafu akalivuta daftari la kazi, akafunua mwezi wa tano, akaitazama saini yake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, Mwalimu. Nilikudanganya. Hakumeza hata mara moja."

Mtahini akaandika alichoandika. Hakikuchukua muda. Unarudia mwaka, alimwambia, tena bila ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Bibi akayatoa meno yake, ya juu na ya chini, akayabwaga kwenye kiganja cha mjukuu wake. Alikuwa amekasirika kweli.

"Wiki tano," alisema kwa mapengo yake, "wiki tano nimekaza taya kwa ajili yako. Na wewe umeshindwa kukaza ulimi robo saa!"

"Nimeshindwa, Bibi."

"Ningezimaliza zile karanga."

"Najua."

"Najua, najua! Huna unalolijua." Akajikanda chini ya sikio, mikono miwili sasa, hadharani, na pumzi ndefu ikamtoka ambayo hakuikusudia. Ufizi wake wa chini ulikuwa mwekundu, na upande mmoja una kidonda kipana kama punje ya hindi. Kiguu alikitazama. Alijilazimisha kukitazama.

"Nitamwambia nini Baba?" aliuliza mwisho, kwa sauti ndogo.

"Baba yako nilimzaa mimi. Huyo niachie."

Walikuwa wamekwisha fika mlangoni Meza-Mate alipowaita. "Mnakwenda wapi?"

Kiguu akageuka. "Nimeanguka, Mwalimu."

"Wewe umeanguka. Mama huyu hana meno. Kidonda kikipona, wiki ijayo, Jumatatu, mje karakana. Nta nitaitayarisha mimi."

Jumatatu ile wenzake walikuwa likizo na viti vyote vimepinduliwa juu ya meza. Kiguu aliosha mikono, akaketi mbele ya bibi yake, akasema, "Meza mate." Bibi akameza. Wakangoja. Bibi akakumbuka jambo la Babu na lile tope, mashavu yakaanza kumcheza, na Kiguu akatikisa kichwa. Wakangoja tena. Mguu wa kulia ulitaka kuondoka, akaukanyaga kwa wa kushoto. Nta ilipoa, akaipasha moto upya. Mara ya pili. Mara ya tatu taya la Bibi likarudi kwao, na hapo akampa nta, akauma.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao muda wote. Hakuuliza chochote. Akalisogeza daftari jipya mbele ya Kiguu, na Kiguu akashika kalamu, akasita.

Bibi akaitoa nta mdomoni, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Andika basi," alisema. "Alimeza."