Uhai Uliohamia kwa Naibu

Mwalimu wa jiografia alikuwa na wiki tatu tu katika shule ile alipowagawia wanafunzi wa kidato cha pili vipande vya kamba, mita nne kila kundi, akawaambia watoke nje. Kila kundi litandaze mraba wake chini na kuhesabu kila chenye uhai kilichomo. Somo lilikuwa biosfia. Alikuwa amewaeleza kwa moyo wote kwamba ni lile tabaka la dunia lenye uhai, kuanzia chini ya udongo na vilindini mwa maji hadi juu anakoruka ndege, na kwamba binadamu naye yumo humo kwa pumzi yake, chakula chake na kila alicho nacho. Walimsikiliza kwa adabu, kama watu wanaosomewa habari za mji ambao hawatautembelea. Ndiyo maana akaleta kamba.

Hakujua kwamba siku hiyohiyo naibu mkuu wa shule alikuwa anamsubiri mkaguzi. Naibu huyu wanafunzi walimwita Fagio. Wiki nzima alikuwa amesimamia watu wafyeke, wang'oe na wafagie, na jana yake uwanja mzima ukapigwa dawa ya wadudu. Ardhi ilibaki tupu kama sahani iliyorambwa.

Baada ya dakika ishirini makundi yakarudi darasani. La kwanza likasoma jibu lake: sifuri. La pili, sifuri. La tatu lilikuwa na sisimizi mmoja, ila amekufa, na wenyewe walikuwa bado wanabishana kama anahesabika. La nne lilikuwa na sisimizi mzima kabisa, likapigiwa makofi, mpaka ikagundulika kwamba alidondoka kutoka kwenye kola ya kiongozi wa kundi.

Palikuwa na msichana mmoja waliyemwita Ila, kwa sababu hakuna swali aliloliuliza bila kuanza na neno hilo. Akanyoosha mkono.

"Ila mwalimu, kwa hiyo shule yetu haimo kwenye biosfia?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema hilo ni swali zuri, kama wasemavyo walimu wasio na jibu. Ili apate nafasi ya kufikiri, akamtuma Ila akachukue chaki ofisini kwa naibu.

Ila alikawia. Aliporudi hakuwa na chaki, na kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimejaa maandishi ya kalamu.

"Mwalimu," akasema, "uhai wote umehamia kwa naibu."

Hapo mwalimu alipaswa kumwambia akae chini. Lakini mlango wa ofisi ulikuwa wazi, naibu alikuwa getini na mkuu wa shule, na sifuri zile zilikuwa zimemchoma. Akajiambia ni dakika tano tu. Wanafunzi wakaingia kumi kumi, kwa kunyata.

Ila hakuwa ametia chumvi. Kwenye chombo cha maua kulikuwa na maua ya plastiki ambayo naibu aliyawekea maji ili yaonekane ya kweli, na ndani ya maji hayo viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinapinda na kunyooka. Nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo nyuma ya saa ya ukutani. Kikombe cha chai kilichosahauliwa kilikuwa na ukungu wa rangi tatu. Ndani ya droo iliyoachwa wazi, kati ya pini na mihuri, yalikuwemo mayai mawili meupe ya mjusi. Mchwa walikuwa wamepanda kwa mguu wa kabati mpaka kwenye mafaili. Mwalimu alisahau saa. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, rula mkononi, akieleza jinsi mchwa wanavyorudisha mti mkavu kwenye udongo, aliposikia sauti nje ya mlango.

"Na hii ndiyo ofisi yangu, mama. Humu ukimkuta mdudu, mimi niite mdudu."

Wakaingia. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akaivaa. Akamtazama mwalimu aliyekuwa anatambaa kinyumenyume kutoka chini ya meza, kisha akamuuliza Ila wanafanya nini.

"Tunahesabu viumbe, mama. Tumefika kumi na saba."

Mkaguzi akauliza nini kingetokea kama wote wangeondolewa. Ila akaeleza bila haraka kwamba mbu wakikosekana buibui atalala njaa, na buibui akikosekana mjusi naye ataona taabu. Akaonyesha mti nje ya dirisha. "Na yale majani ndiyo yanayompa naibu hewa anayotumia kutugombeza."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi alikohoa kwa muda mrefu, leso mdomoni. Naibu alichouliza ni faili gani lililoliwa na mchwa. Lilikuwa faili la ripoti za usafi.

Ripoti ya mkaguzi ilisema kwamba katika muhula ule hilo ndilo darasa pekee alilolikuta bila mwanafunzi hata mmoja anayesinzia, na kwamba upande mmoja wa uwanja uachwe uote majani.

Kesho yake naibu akamwita mwalimu. Alikwenda na maneno ya kuomba radhi tayari ulimini. Naibu akafunga mlango, akavuta droo taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akauliza kwa sauti ya chini mayai ya mjusi huchukua siku ngapi kuanguliwa. Mwalimu akakiri kwamba hajui. Wakaenda maktaba pamoja, wakafunua kitabu hiki na kile, wakabishana juu ya picha moja mpaka kengele ya mapumziko ikalia.

Walipoagana, naibu akasema wanafunzi waletwe tena Alhamisi, kumi kumi, na wafute viatu.