Sifuri za Mbele

Wifi yangu alishukuriwa na watu wasiomjua, na tangu siku hiyo mimi roho haikutulia. Programu tunayochorea nembo za kutarizi ni ya bure. Wanaoitunza ni watu wa kujitolea, kila mmoja na kazi yake ya mchana, na wana ukurasa mtandaoni ambako mtumiaji anaripoti hitilafu. Wifi aliripoti kwamba duara likipunguzwa linageuka yai. Akaeleza alifungua nini, alibonyeza nini, alitegemea nini na alipata nini, akaweka na picha. Toleo jipya lilipotoka, jina lake lilikuwa chini ya neno "Shukrani". Mama mkwe, mwenye karakana, aliwaonyesha wateja kwenye simu utadhani ni picha ya mjukuu.

Na mimi ndiye niliyemfundisha huyo wifi kuwasha mashine.

Basi nembo za chuo cha wauguzi zilipoanza kunitoka vibaya, nikajua zamu yangu ya kushukuriwa imefika. Nembo yao ni taa yenye kitako cha kijani na mwali mwekundu. Mashine ilinitolea mwali wa kijani na kitako chekundu, sare baada ya sare. Niliandika kwenye ukurasa: "Programu yenu mbovu. Inaharibu rangi. Rekebisheni haraka, nina kazi za watu." Nikakaa kusubiri shukrani.

Akajibu mmoja anayejiita Kobe. Aliuliza kwa upole ninatumia toleo lipi, nilifanya nini hatua kwa hatua, na faili linaitwaje. Nikamjibu kwamba nilifungua, nikahifadhi, nikapeleka kwenye mashine, kama binadamu wengine. Jina la faili nikaandika "nembo". Siku zikapita, maana Kobe ni Kobe kweli, halafu akarudi kusema amejaribu baada ya kutoka kazini kwake na rangi zimetoka sawasawa. "Bila kuliona tatizo hapa kwangu siwezi kulirekebisha," aliandika, akaniwekea ripoti ya mfano niitazame. Nikaifungua. Ilikuwa ya wifi.

Kompyuta ya watu niliifunga kwa kishindo.

Mama mkwe naye hakuwa na haraka ya kuniamini. Alizitandaza sare zilizoharibika juu ya meza ya kukatia, akauliza mbona kwa wifi yangu haijatokea hata mara moja. Wifi alikuwa pembeni anatunga uzi kwenye sindano za mashine.

"Kama ni programu, nionyeshe," alisema mama mkwe. "Kama ni mkono wako, wiki ijayo mashine atashika mwenzio, wewe urudi kukata nyuzi."

Kukata nyuzi ni kukaa na mkasi mdogo, ukisafisha mgongo wa nembo aliyoitarizi mtu mwingine. Nilijiona nikisafisha nembo za wifi mpaka nizeeke.

Ndipo nikafanya alichotaka Kobe. Nilianza upya, polepole, nikijitazama mikono kama mgeni. Faili likiitwa "nembo" tu, mwali ulitoka mwekundu. Likiitwa ninavyoliita siku zote, mwali ulitoka wa kijani. Nikarudia kwenye vipande vya kitambaa chakavu mpaka nikaishiwa nguvu.

Maana mimi mafaili yangu yana sifuri mbele ya jina, tena sifuri kadhaa. Kompyuta ya karakana ni moja, orodha ya kazi ni moja, na kompyuta hupanga namba kabla ya herufi. Kwa hiyo yeyote anayeifungua anakutana na kazi zangu kwanza, za wifi zinafuata huko chini. Na programu nayo, tangu lile toleo jipya, ilizisoma zile sifuri kana kwamba naiambia ianze na uzi gani.

Ningeweza kuzifuta nikanyamaza. Lakini zile sare zingebaki kuwa kosa langu, na mashine ingekwenda. Nikaandika ripoti nyingine, safari hii ya kueleweka: toleo, hatua, nilichotegemea, nilichopata, picha ya mwali mwekundu kando ya ule wa kijani, na jina kamili la faili. Kobe akajibu kabla ya chakula cha mchana. Ameliona tatizo. Ila angependa kujua sifuri naziweka kwa ajili gani, ili ajue atengeneze nini.

Nikajibu, "Kwa mpangilio." Akauliza mpangilio upi. Mtu halipwi hata senti, na anachimba kama mpelelezi. Ukurasa ule wifi anausoma kila asubuhi na chai yake. Nilikaa vidole juu ya vitufe mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimeganda. Nikaandika: "Ili kazi zangu zikae juu ya za wifi yangu." Nikatuma kabla sijabadili mawazo.

Kesho yake mama mkwe alitaka asomewe ukurasa ule. Miwani aliiacha nyumbani, akamwita wifi. Wifi akasoma kwa sauti, hatua moja baada ya nyingine. Mimi nimeshika ukingo wa meza, nasubiri ile sentensi. Niliona macho yake yakiifikia, yakasimama. Kisha akasoma iliyofuata, ya Kobe: hitilafu ni ya programu, imethibitishwa, mtumiaji hana kosa, na wanamshukuru sana.

Mama mkwe akaniambia niendelee na mashine yangu, akatoka kwenda kuzungumza na watu wa chuo. Ningefurahi basi. Badala yake roho iliniuma upya, maana hata ustaarabu wifi alikuwa amenizidi. Nikamuuliza kwa nini ameiruka ile sentensi.

"Ingemsaidia nini Mama?" alisema, akivuta kiti chake. Halafu akacheka kidogo, bila ubaya. "Ila wifi, hiyo orodha mimi sijawahi kuiangalia. Naandika jina la faili pale juu pa kutafutia, linakuja lenyewe."

Nikageukia kompyuta. Kazi zangu zilikuwa juu kabisa, zimejipanga na sifuri zao, miaka yote ile. Nikaanza kuzifuta zile sifuri, faili moja moja. Moja nikaliacha nazo.